Sura ya Sita: Vichupa vya Wino Mmoja

Asubuhi ya Alhamisi theluji ilianguka mjini Kanazawa kama unga unaopepetwa na mtu asiyetazama unamwagikia wapi. Mzee Otsubo Kanji alifika maabara ya hamira saa mbili kasoro robo, akavua viatu vya mpira mlangoni, akavaa ndara za wageni zilizombana vidole. Kwapani alibana faili. Ndani ya faili mlikuwa na kurasa nne, na ndani ya kurasa hizo nne mlikuwa na riziki ya mtu.

Aliziandika mwenyewe. Zilisema kwamba Daktari Nagamine Chiho, mtafiti wa mkataba, miaka thelathini na minne, ameghushi matokeo, na kwamba chuo kimfukuze na kulitangaza jina lake. Kamati ingeketi saa tisa alasiri, siku hiyohiyo, kuzipigia muhuri. Otsubo alikuwa askari mpelelezi miaka thelathini kabla chuo hakijamchukua kuwachunguza wasomi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuivunja ripoti yake kwa mkono wake.

"Mzee, umewahi," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

Daktari Kamide Yuto alitambaa akatoka uvunguni, nywele zimesimama upande mmoja, mfuko wa kulalia ungali miguuni.

"Umelala hapa?"

"Mama mkwe kaja tena."

"Kama mwaka juzi."

"Kama mwaka juzi, na ndiyo maana ulinishuku mimi kwanza. Kadi yangu imefungua mlango tarehe thelathini Desemba, maabara imefungwa, watu wote wako makwao wanakula keki za mchele. Nikakwambia nimemkimbia mama mkwe. Hukuniamini."

"Niliamini nilipompigia simu."

"Ulimpigia?"

"Tulizungumza saa nzima. Anasema unakoroma."

Kamide alikunja mfuko wake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Unataka kuziona sahani za hamira ulizoniomba Ijumaa?"

"Umeziona wewe?"

"Nimekusubiri. Peke yangu sikutaka."

Kesi yenyewe, ukiimenya maganda, ilikuwa hivi. Kila seli ina majiko madogo ndani yake, wasomi wanayaita mitokondria. Protini huingia humo ikiwa imenyooka kama uzi, na uzi hauna kazi mpaka ukunjwe na kufungwa vifundo. Katika hamira kazi hiyo ina wenyewe wawili. Wa kwanza hufunga vifundo, na pale maabara walimpa jina la Fundi. Wa pili humrudishia Fundi nguvu kila amalizapo kifundo kimoja. Huyo walimwita Mpambe. Lakini vimelea vya malale, hivi vinavyoenezwa na ndorobo, vina Mpambe tu. Fundi ametafutwa miaka na miaka, hayumo. Nyumba haina fundi, nguo zimekunjwa. Atakayekitegua kitendawili hicho atajua pa kukishika kimelea shingo.

Nagamine alidhani amekitegua. Alichukua Mpambe wa kimelea akamtia kwenye hamira ambayo Fundi wake amezimwa. Novemba ya mwaka juzi alipojaribu mara ya kwanza, hamira ilikufa. Januari akarudia kutoka kichupa kilekile cha kwenye friza, namba kumi na nne, na hamira ikaishi. Akaandika kwamba Mpambe wa kimelea hahitaji fundi, anakunja na kufunga peke yake. Watu walimpigia makofi mpaka Novemba iliyopita, maabara moja ya Ujerumani ilipoomba hamira yake, ikaifungua, ikamkuta Fundi ameketi ndani mzima. Wakaandika barua ya adabu nyingi na sumu nyingi.

Na Nagamine alikuwa na kosa lake. Januari hakuirudia sahani ya kulinganishia, ile isiyotiwa Mpambe, ambayo ingemwonyesha mara moja kwamba hamira haizimiki. Aliegemea ya Novemba. Alipoulizwa sababu, alisema alikuwa ndiyo kwanza ametoka Kagoshima kumzika baba yake, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Otsubo aliyaandika hayo yote chini ya kichwa cha maneno "Nia".

Kamide alifungua kabati la joto. Harufu ya mkate ilijaa chumbani. Alitoa sahani nne, ndogo kama visosi, akazipanga kifudifudi juu ya meza.

"Nikumbushe," alisema Otsubo, ingawa alikumbuka.

"Kumi na nne imetengenezwa kwa ujanja. Ukiilisha sukari ya maziwa, Fundi yupo, inaishi. Ukiilisha glukosi, Fundi anazimwa, inakufa. Kumi na tano, jirani yake, ni hamira ya kawaida kabisa, iliachwa na mwanafunzi aliyehitimu zamani. Hiyo hata uilishe nini haifi. Hakuna aliyeigusa miaka."

"Geuza."

Kamide aligeuza ya kwanza na ya pili. Madoa meupe yamejaa kama nyota, kotekote.

"Kumi na nne inaishi kwenye zote mbili. Wajerumani wamesema kweli. Fundi yumo, hazimwi na chochote." Aligeuza ya tatu. "Kumi na tano, sukari ya maziwa. Inaishi." Akaigeuza ya nne, kumi na tano kwa glukosi, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha, akainyanyua tena.

Ilikuwa tupu. Ungeweza kulia chakula.

"Hii huwa haifi," alisema Kamide. "Mzee, hii ni hamira ya kuokea mkate tu, haina ujanja wowote, inakufaje?"

"Labda siyo yenyewe."

Kamide aliketi juu ya mfuko wake wa kulalia. "Zimebadilishana."

"Ungekuwa unaghushi, ungeharibu ipi?"

"Kumi na nne."

"Na kumi na tano ungeigusia nini?" Otsubo alivuta kiti. "Mghushi hugusa anachokihitaji, basi. Hapa nyumba zote mbili zina mpangaji asiye wake."

"Lakini kamati itasema Nagamine amebadilisha majina ya vichupa viwili. Dakika moja tu. Nikiwa mwenyekiti nitasema hivyo."

"Ndiyo. Njoo kwenye friza."

Friza lilikuwa kwenye ukumbi, refu kama kabati la nguo, likinguruma. Kamide alivaa glavu nene, akatoa sanduku, akalifunua. Vichupa ishirini na saba, kila kimoja kama kidole cha mwisho cha mtoto. Humu ndimo Otsubo alimoona jambo Ijumaa iliyopita, alipokuja kupiga picha moja tu ya kupambia ripoti.

"Hamira hizi zimewekwa na watu wangapi?"

"Tisa, labda kumi. Miaka kumi na miwili. Mimi nina nne humu."

"Zako uliandika kwa kalamu gani?"

"Nyekundu. Huwa natumia nyek..." Kamide aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia baridi. Vichupa vyote ishirini na saba vilikuwa na wino wa buluu, mpya, uleule.

"Nagamine angetaka kubadilisha viwili," alisema Otsubo, "angeandika upya ishirini na saba? Na vyako wewe?"

"Hapana."

"Kitendawili."

"Mzee, mkono wangu unaganda."

"Rudisha sanduku. Kitendawili."

"Haya, tega. Hata nisipojibu utatega."

"Mgeni kaja, nyumba nzima imempokea kwa mikono miwili, daftari la wageni halina jina lake."

Kamide alifunga mlango wa friza kwa bega. "Panya."

"Siye."

"Mama mkwe."

"Huyo ana jina, tena namba yake ninayo. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Osaka."

"Osaka hakuna pa kuegesha gari."

"Chukua Toyama basi, ule samaki."

"Toyama nimekwenda, nimekula samaki nimevimbiwa, nimerudi. Jibu ni usafi wa mwisho wa mwaka."

Kamide hakucheka. Alitazama sakafu, kama mtu aliyeulizwa ameweka wapi miguu yake.

"Mimi niliomba orodha ya kadi zilizofungua mlango baada ya maabara kufungwa," alisema Otsubo. "Miezi mitatu nimezihesabu kadi hizo. Kile mlichokifanya siku yenyewe ya kufunga, tarehe ishirini na nane, sikumuuliza hata mtu mmoja."

"Nani angeuliza? Ni kama kuuliza kama tulipiga mswaki."

"Nagamine siku hiyo alikuwa Kagoshima, baba yake yuko mahututi. Nani alishika friza?"

"Mimi nilifuta madirisha. Munakata mwalimu wetu alipanga vitabu vyake, yaani aliketi akavisoma."

"Nimekuuliza friza."

"Mzee, wino huo..." Kamide alivua glavu moja, akaivaa tena. "Sisi wote tunatumia kalamu za dukani. Ukizipulizia spiriti zinafutika. Za buluu zisizotoka kwa spiriti, huku ndani anaziagiza mtu mmoja tu. Usiniulize. Nilipofika hapa hata kushika pipeti ya kupimia matone sikujua, yeye ndiye aliyenishika mkono."

"Jina sijakuomba. Yuko wapi saa hizi?"

"Saa hizi anaosha vyombo."

Bi Isurugi Tokuko alikuwa fundi sanifu wa maabara ile miaka thelathini na mmoja, na wote, hata profesa, walimwita Shangazi. Mwisho wa Machi angestaafu. Otsubo alimkuta kwenye sinki, aproni ya plastiki hadi magotini, akisuuza bilauri za kioo, mara tatu kila moja, bila kuhesabu kwa mdomo.

"Mzee Otsubo, karibu. Kaa hapo kwenye ndoo, iko safi. Kuna machungwa madogo, chukua, ni matamu mwaka huu."

Alikaa. Alichukua chungwa, hakulimenya.

"Shangazi, chupa za kupulizia, za maji na za spiriti, ni za aina moja?"

"Aina moja. Lakini za spiriti zina kamba nyekundu shingoni. Ndizo zile pale."

"Kamba nzuri. Zimefungwa lini?"

Bilauri ilipita chini ya maji mara ya nne.

"Mwaka juzi," alisema. "Mwisho wa mwaka."

"Nani alizifunga?"

"Mimi."

"Tarehe ishirini na nane?"

"Ishirini na nane jioni. Kama saa kumi na moja."

"Na kabla ya saa kumi na moja?"

Bi Isurugi aliiweka bilauri kwenye kitambaa, mdomo chini. Akachukua nyingine. Mikono yake ilijua kazi, ikaendelea bila yeye.

"Kabla ya saa kumi na moja hazikuwa na kamba," alisema. "Barafu ilikuwa imeota kwenye vichupa kama ndevu. Nilitaka nilikabidhi friza linang'aa. Nikavipanga kwenye sinia la barafu, nikachukua chupa niliyodhani ni ya maji, nikapulizia, nikafuta. Nikapulizia, nikafuta. Macho yangu hayaoni vizuri mambo ya karibu, na miwani nilikuwa nimeiacha chini. Nilipokitazama kitambaa kilikuwa na rangi. Buluu, nyekundu, nyeusi, ile ya zambarau ya mtoto wa Niigata aliyeondoka zamani. Majina ya watu wa miaka kumi na miwili yote yako kwenye kitambaa changu."

"Ukafanya nini?"

"Wenzangu walikuwa chini wananingoja tukale tambi za kufunga mwaka. Kamide anapiga kelele kwenye ngazi, 'Shangazi, tambi zinavimba!' Nikasema nakuja. Orodha ya friza ipo, kila kichupa na nafasi yake, na mimi niliviweka kwa mstari. Nikaandika upya vyote. Kwa wino usiotoka." Alitoa pumzi iliyofanana na kicheko. "Viwili vilianguka nilipokuwa naharakisha, kabla sijaviandika. Nikaviokota, nikavirudisha. Nilidhani nimevirudisha."

"Kumi na nne na kumi na tano."

"Vilikuwa vinakaa pamoja. Basi vilianguka pamoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Mzee Otsubo, hawa watoto nimewafundisha kitu kimoja kwa miaka thelathini na mmoja. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kosa ni kama hamira, ukililaza linaumuka. Wameliandika ukutani kwa utani, wakachora na uso wangu. Ningekwenda kuwaambia nini?" Maji yalikuwa yanatiririka bure sasa, hakuna chombo chini yake. "Na hakuna kilichoharibika. Januari Nagamine akapata matokeo yake, akanikumbatia hapa hapa, aproni yangu ikamlowesha. Nikasema, umeona? Hakuna kilichoharibika."

"Na barua ya Wajerumani ilipokuja?"

"Nilijua siku hiyohiyo."

Otsubo alisubiri. Ni kazi aliyoijua kuliko zote.

"Nikajiambia nitasema Jumatatu. Kisha Jumatatu nyingine. Kisha Nagamine akaandika ile barua ya kuomba radhi kwa kamati, na mimi nikashusha pumzi. Nikasema, kumbe! Kumbe ana kosa lake kweli, mtu hawezi kuomba radhi bure. Nilifurahi. Andika hivyo, tafadhali, usiandike kwamba niliogopa. Nilifurahi."

Kalamu ya Otsubo ilikuwa mkononi. Hakuandika.

"Ile barua," alisema, "nilimwambia mimi aiandike."

Bi Isurugi aligeuka kwa mara ya kwanza.

"Novemba. Ofisini kwangu. Alikuja na barua ya Wajerumani mkononi. Nikamwambia, binti yangu, inama kwanza, mambo yatapoa, andika tu kwamba unasikitika kwa usumbufu. Akaandika hivyo, neno kwa neno, wala halimo neno la kughushi. Kisha nikaichukua nikaiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, nikaipa jina la ungamo. Nimewahoji wezi na wauaji, Shangazi. Kitu kama kile sikumfanyia hata mmoja wao."

Bi Isurugi alifunga bomba. Chumba kilinyamaza ghafla, wakasikia theluji ikiporomoka kutoka paani.

"Basi tuko wawili," alisema Bi Isurugi.

"Wawili. Kamati inakaa saa tisa."

Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nivae koti la heshima, au niende na aproni?"

"Vaa koti. Lakini nenda na miwani."

Kamati ilikuwa na watu watano na chai tano. Mwenyekiti, mwanasheria mwenye mashavu mekundu, alikuwa tayari ameshika muhuri.

"Mzee Otsubo, unaiondoa ripoti yako mwenyewe saa tisa na dakika tano?"

"Naiondoa. Na barua iliyo mbele naomba itoke kwenye faili. Si ungamo. Nilimwelekeza aiandike, kisha nikaitumia kumnyonga."

"Unajua unachokisema kuhusu kazi yako?"

"Najua. Sahani hizi hapa nne. Na huyu hapa Bi Isurugi, atawaeleza mwenyewe."

Alieleza amesimama, dakika kumi na moja, bila karatasi. Hakuna aliyegusa chai. Mara moja tu alivua miwani akaifuta, si kwenye friza wala kwenye vichupa, bali aliposema neno "nilifurahi", ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema tena.

Uamuzi ulitoka saa kumi na nusu. Nagamine hakughushi. Alizembea sahani ya kulinganishia, ataonywa kwa maandishi. Makala yake itaondolewa kwenye jarida la kisayansi. Mkataba wake hautavunjwa. Bi Isurugi na Mzee Otsubo wataitwa wiki ijayo, kila mtu siku yake.

Nagamine alikuwa maabara, amekaa kwenye kiti cha Kamide, koti hajavua. Mwanamke mwembamba, nywele amezibana kwa kibanio cha karatasi. Otsubo alimweleza yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa kituoni: usafi, spiriti, vichupa viwili, barua. Kuhusu barua alisema mara mbili kwamba kosa ni lake. Mara ya pili aliinama hadi kiunoni, akabaki hivyo.

"Inuka, mzee," alisema Nagamine. Alimgeukia Kamide. "Hamira ya kweli, ile iliyokuwa kwenye kumi na tano. Ulimtia Mpambe wa kimelea?"

"Nilimtia Ijumaa kwenye zote mbili, mzee aliagiza hivyo."

"Ukailisha glukosi?"

"Ndiyo."

"Na?"

Kamide alitafuta pa kutazama. "Imekufa, dada."

Nagamine alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho tayari amekula. "Kwa hiyo Novemba nilikuwa nimeona kweli. Niliiona, nikaikataa kwa sababu haikunipendeza, nikarudia mpaka nikapata inayopendeza." Alikitoa kibanio kichwani, akakikunja, akakikunjua. "Mpambe peke yake hawezi. Kuna mwingine mle ndani ya kimelea hatujamwona. Mwaka mzima nimewaambia watu wasimtafute."

Hapo ndipo Bi Isurugi aliingia. Alisimama karibu na mlango, koti la heshima, miwani puani, mkoba ameushika kwa mikono miwili kama mgeni.

"Chiho," alisema. "Mwanangu."

Nagamine aliweka kibanio mezani. Kamide alianza kusema kitu, Otsubo akamgusa mkono.

"Shangazi, tangu Novemba nimekuwa siwezi kula," alisema Nagamine. "Watu walikuwa wananikwepa kwenye lifti. Mama yangu alisoma gazetini habari ya mtafiti asiyetajwa jina, akanipigia kuniuliza kama ni mimi. Miezi mitatu. Wewe ulikuwa wapi?"

Bi Isurugi alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya kweli kabisa.

"Nilikuwa hapa hapa, mwanangu. Kila siku nilikuwa nakuoshea vyombo."